Risasi Iliyopita Juu ya Kichuguu

Risasi ya tatu haikugusa karatasi, haikugusa kichuguu, wala haikuinua vumbi mahali popote ambapo macho yangu na ya mjomba yaliweza kufika. Ilitoka kwenye bunduki yake Jumapili asubuhi, nje ya Kolwezi, karibu na barabara ya kwenda Kasaji. Aliyevuta kifyatulio ni yeye. Aliyeielekeza angani ni mimi, kwa kugeuza upande usiotakiwa skrubu ndogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho.

Mengine yote siku ile tuliyafanya kwa utaratibu. Nimeyarudia kichwani mara nyingi, hatua kwa hatua, kama mtu anayepekua mifuko ileile akitafuta ufunguo, na kila mara naishia kwenye skrubu.

Miaka ile nilikuwa mpimaji wa ardhi mgodini. Tulisimamisha teodoliti, ile darubini ya miguu mitatu, ukingoni mwa shimo kubwa la shaba, tukasoma pembe na vimo ili wenye mitambo wajue wachimbe wapi. Teodoliti zetu zilikuwa za zamani. Ukichungulia ndani, dunia iko kichwa chini: malori yanatembea angani, watu wananing'inia kwa miguu. Mpimaji mpya huumwa kichwa wiki nzima. Baadaye anajifunza kutoyaamini macho yake. Anaamini namba, na mishale iliyochorwa kwenye chombo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja ya kutoyaamini macho yangu, na nilijivunia.

Mjomba, kaka wa mama yangu, alikuwa wa watu wa Kasongo waliokuja kusini na malori. Lori lake lilikufa kabla ya vita, na baada ya vita hakupata lingine. Alibaki na bunduki moja ya kuwindia na kibali chake, karatasi aliyoikunja ndani ya nailoni na kuilinda kuliko kitambulisho. Kila baada ya wiki kadhaa alipanda treni mpaka Kasaji, akaingia porini kwa miguu na wenyeji aliowafahamu, akarudi na nyama iliyokaushwa. Wateja wake karibu wote walikuwa Waislamu wa mjini, familia za wachuuzi na wenye magari, na wote waliuliza swali moja kabla ya kuuliza bei: alichinjwa? Wako mashekhe ambao wangesema mnyama aliyepigwa risasi kwa jina la Mungu ni halali hata akifa kabla ya kisu. Wateja wa mjomba hawakutaka kusikia hayo. Walitaka kisu. Kwa hiyo hakuwa na ruhusa ya kupiga vibaya, na hakuwa na ruhusa ya kupiga vizuri mno. Mnyama alipaswa kuanguka mahali pamoja na kumsubiri akiwa bado anapumua.

Jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Safari iliyotangulia alijeruhi palahala wawili, wakapotea na majeraha yao. Wa tatu alimfikia amekwisha kufa, na nyama yake aliirudisha mjini akakataa mwenyewe kuitolea ushahidi kwamba ilichinjwa. Watu walianza kumpita bila kumuuliza atasafiri lini.

Mhandisi mmoja wa Ulaya, aliyekuwa anafunga masanduku arudi kwao, alimwachia darubini ya bunduki, pete mbili za kuishikilia na kifuko cha skrubu. Mhandisi huyo alikuwa na kovu juu ya nyusi, la mviringo kama mwezi mchanga. Mjomba alidhani ni la ajali ya gari. Nilimwambia ni darubini ileile: aliiweka karibu mno na jicho, na bunduki iliporudi nyuma ikampiga.

"Kumbe alinipa adui yake," mjomba alisema. "Mwipwa, utanifungia ile lunete. We unatumika na lunete kila siku."

Mwipwa ndivyo alivyoniita, mtoto wa dada. Sikuwa nimewahi kufunga darubini kwenye bunduki. Lakini pete ni pete na msalaba wa nyuzi ni msalaba wa nyuzi, nilifikiri, na sikutaka akampe mtu mwingine.

Tulifanya kazi hiyo Jumamosi baada ya Salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, mikono yetu bado inanuka majani tuliyofyeka kando ya barabara. Mke wangu, mwenye sufuria la kisamvu mkononi, aliitazama bunduki juu ya meza ya chakula.

"Na sombe nitaiweka wapi? Juu ya mtutu?"

"Mama, ni saa moja tu," mjomba alimwambia.

"Saa moja ya wanaume mi naijua."

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuvuta kile chuma cha nyuma kinachofunga risasi ndani, kulasi, na kukitoa kabisa. Nilichungulia mtutu mpaka nikaona mwanga wa dirisha upande wa pili. Risasi zote nilimpa mke wangu azifungie kabatini chumbani, naye alizipokea kwa vidole viwili kama mijusi. Hapo ndipo nilipokubali kukaa mbele ya bunduki ile.

Juu ya mtutu kulikuwa na matundu ya skrubu yaliyozibwa tangu kiwandani. Niliyazibua, nikayafuta mafuta kwa kitambaa chenye petroli, maana skrubu yenye mafuta hulegea baada ya risasi chache. Nililaza pete za chini, nikaweka darubini, nikafunika pete za juu, kisha nikaanza kukaza: nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, tena huku.

Mjomba alisimama nyuma yangu. "Unakaza avisi ao unaibembeleza?"

"Nikikaza moja mpaka mwisho, ingine itainama, mujomba. Lunete itavunjika mgongo."

"Mi naona itazeeka hapa ku meza."

Nilimwambia afumbe macho, ainue bunduki begani kama alivyozoea porini, kisha afumbue. Aliona duara nusu, nusu giza. Nilisogeza darubini mbele upana wa kidole. Akafumba, akafumbua. Safari ya nne akasema anaona duara zima, na kati ya nyusi yake na kioo palikuwa na nafasi ya vidole vinne. Kisha nilitundika timazi kwenye boriti ya baraza, nikaiweka bunduki sawa kwa pima maji, na kuizungusha darubini ndani ya pete mpaka uzi wake wa wima ukalingana na uzi wa timazi. Nilipokaza mara ya mwisho sombe ilikuwa imekwisha kupoa.

Ilibaki kuifundisha darubini ile itazame pale ambapo risasi inakwenda. Hiyo haiwezekani mezani.

Ni lazima nieleze namna mji ulivyosikia mlio wa bunduki mwaka ule. Vita ya pili kupita mjini kwetu ilikuwa imekwisha, lakini mlio mmoja ulitosha: michi ilisimama kwenye vinu, redio zilipunguzwa, watu walibaki wamesimama walipo, wakisubiri kama kuna wa pili. Kwa hiyo mjomba alikwenda kwanza kwa wanajeshi wa kizuizi cha barabara ya Kasaji akaonyesha kibali. Sajini aliyekuwa pale alikisoma kwa muda mrefu.

"Mara ngapi?"

"Sita ya mwisho, shefu."

"Mi nitahesabu."

Mjomba alikuwa na risasi kumi na nne. Nyingine zilipatikana tu kwa kurudisha maganda kwenye ofisi iliyotoa kibali na kueleza kila moja ilipiga nini, na jibu lilichukua miezi. Alitaka apande treni na tisa. Tulikuwa na tano za kupotezea, aliniambia njiani, ile sita aliitaja kwa heshima tu.

Kichuguu nilikichagua mimi. Nilikifahamu kutoka kwenye ramani zetu, kirefu kama nyumba, kikavu, mgumu udongo wake, peke yake katika uwanda ulioungua moto wa kiangazi. Nyuma yake njia pekee ilikuwa imeota majani. Nilikizunguka, nikapiga filimbi, nikaita kwa sauti, nikasubiri, nikaita tena. Hakuna aliyejibu. Nilichomeka miti yetu ya kupimia, ile yenye rangi nyekundu na nyeupe, kulia na kushoto, na kitambaa chekundu juu ya kila mmoja. Karatasi ya shabaha niliipachika kwenye kichuguu, usawa wa kifua cha mtu, nikahesabu hatua hamsini, nikagonga kigingi. Hatua mia, kigingi kingine. Bunduki tuliilaza juu ya magunia mawili ya mchanga. Nilitoa kulasi, nikachungulia kupitia mtutu mtupu mpaka doa jeusi la karatasi likakaa katikati ya tundu, na bila kuitikisa bunduki nikasogeza msalaba wa darubini mpaka nao ukakaribia doa. Hii ni njia ya kutopoteza risasi ya kwanza. Inaleta karibu; haileti pale penyewe.

Kanuni yangu ilikuwa kwamba hakuna kuweka risasi kabla sote wawili hatujawa nyuma ya kigingi, na hakuna kusogea mbele kabla sijaona kulasi iko wazi. Mjomba alinikubalia kama mtu anayekubali kuvua viatu nyumbani kwa mgeni.

Aliinamia bunduki. "Bismillahi," alisema, akafyatua.

"Karatasi nayo unaichinja?" nilimuuliza.

"Mukono ikizoea kusahau, itasahau na ku pori."

Risasi ilikuwa imepiga shubiri moja na nusu juu ya doa. Ya pili iliingia vidole viwili kando ya ya kwanza. Nilifurahi. Risasi mbili jirani maana yake pete zimeshika na mkono wa mjomba ni mzuri. Kilichobaki ni hesabu, na hesabu ni yangu.

Nilifikiri hivi: tundu liko juu ya doa, basi msalaba upande juu ulifuate tundu. Hiyo ni kweli. Nilifungua kifuniko cha skrubu ya juu. Palikuwa na mshale. Kazini, mshale kwenye chombo chetu unaonyesha uzi unakokwenda. Nikageuza kufuata mshale wa juu, nikihesabu milio midogo ya skrubu, tik, tik, tik, idadi niliyoipiga kwenye daftari. Lakini kwenye darubini ya bunduki mshale hauzungumzii uzi. Unazungumzia risasi. Nilikuwa naiambia risasi ipande.

Kama ningechungulia ndani wakati nageuza, ningeona msalaba unashuka. Sikuchungulia. Nilikuwa nimefundishwa kwamba macho ndani ya darubini yanadanganya.

"Tupige moja tena hapa hapa," nilisema.

"Mbili zimekwisha kula udongo. Twende ku mia."

Nilikubali. Hilo nalo ni langu. Kwenye kigingi cha mia, vichaka vilivyochipuka baada ya moto vilificha sehemu ya chini ya kichuguu, hivyo nilikwenda nikainua karatasi mpaka karibu na bega lake, kama mita moja chini ya kilele. Kila uamuzi ulikuwa na sababu nzuri. Nilirudi, nikasimama nyuma yake, kushoto, macho kwenye karatasi.

Alifyatua. Karatasi haikutikisika. Udongo haukuruka. Mlio ulikwenda, ukarudi kutoka mbali kidogo, ukanyamaza.

"Iko wapi?" mjomba aliuliza.

"Fungua kulasi."

Alifungua. Nilikwenda kwenye kichuguu na kukipapasa kwa viganja, kila ufa, kutoka chini mpaka kileleni. Mashimo yalikuwa mawili tu, yale ya risasi mbili za kwanza. Nilirudi, nikaitoa kulasi, nikairudisha bunduki juu ya magunia mpaka msalaba ukakaa tena katikati ya doa, kisha nikainama nyuma na kuchungulia kupitia mtutu. Ndani ya tundu hapakuwa na karatasi, wala udongo. Palikuwa na mbingu, duara dogo la bluu safi.

"Mujomba, niligeuza mubaya."

"Geuza muzuri."

"Ile imepita juu. Imekwenda."

Alitazama upande ule kwa jicho lake zima. "Uliita mbele hatujaanza. Nani aliitika?"

"Hakuna."

"Basi hakuna mutu."

"Ao kuna mutu mwenye hawezi kuitika sasa."

Nilikwenda nyuma ya kichuguu nikipiga filimbi, hatua mia nne nilizihesabu, nikaita kwa Kiswahili na kwa Kilunda kidogo nilichonacho. Miti mifupi, majani mapya mekundu, ndege waliokwisha kurudi kwenye matawi. Nilikuwa na hakika ya jambo moja tu, na hakika hiyo iliniudhi: risasi kama ile haianguki hatua mia nne.

Niliporudi nilimwambia tufunge mizigo.

"Treni ni Siku ya Pili," alisema, yaani Jumanne. "Nikienda na bunduki vile iko, nitaumiza nyama tena, na nyama haikukosea. Ile yenye imekwenda imekwenda. Kama tunaacha sasa, itarudi?"

Tukaendelea mpaka mwisho. Nilishusha karatasi mpaka chini kabisa ya kichuguu, tukarudi kwenye kigingi cha hamsini, nikageuza skrubu upande mwingine, safari hii nikiwa nimechungulia. Risasi ya nne iliingia ndani ya doa. Kwa ajili ya ile ya mia nilifyeka vichaka kwa panga mpaka chini ya kichuguu pakaonekana. Ya tano ilipiga vidole viwili juu ya katikati, hasa alipotaka. Bunduki ilikuwa sawa. Mjomba aliokota maganda matano akayatia mfukoni mmoja, na risasi tisa mfuko mwingine.

Kwenye kizuizi sajini alikuwa amekaa juu ya pipa.

"Nilisikia tano."

"Tano, shefu."

"Zote zimeingia ku kichuguu?"

"Zote," mjomba alisema.

Sajini alinitazama mimi, labda kwa sababu mimi ndiye niliyebeba daftari. Nilitazama pipa. Akatupungia tupite.

Usiku ule mvua ya kwanza kubwa ya mwaka ilinyesha mpaka karibu na mapambazuko.

Jumatatu nilipotoka kazini sikwenda nyumbani. Nilikwenda kichuguuni na dira. Vigingi vyangu vilikuwa pale, kwa hiyo mstari ulikuwa pale: kutoka kigingi cha mia, kupita katikati ya mashimo, kwenda mbele. Nilisoma pembe mara tatu, nikaiandika. Mwelekeo niliufahamu kuliko mtu yeyote Kolwezi angeweza kuufahamu. Umbali sikuufahamu. Inaweza kuwa mti wa kwanza uliipokea. Inaweza kuwa ilikwenda kilomita tatu.

Nilitembea mstari ule nikitazama vigogo kwanza, kimo cha kichwa na juu zaidi, halafu ardhi. Mvua ilikuwa imesafisha kila kitu. Nyayo zilizokuwapo zilikuwa zangu. Baada ya kilomita moja hivi nilitokea kwenye shamba la mihogo, na mama mmoja mwenye jembe alinyooka kunitazama, mimi na dira yangu.

"Tata, unapima shamba yangu?"

"Hapana, mama. Natafuta."

"Kampuni inatafuta nini mu mihogo?"

Nilimuuliza kama Jumapili alikuwa pale, kama alisikia kitu, kama kuna mtu wa kwao aliyeumia. Alijibu kwamba Jumapili alikuwa kanisani, kwamba wote wazima, kwamba shamba ni la baba wa mume wake na liliandikwa. Hilo la mwisho alilirudia. Nilipokwisha kuondoka niligeuka, naye alikuwa anafuata nyayo zangu taratibu, akitazama kama nimegonga kigingi popote. Nilielewa hapo tatizo langu. Mtu wa dira akija kuuliza, watu hujibu linalolinda shamba.

Jumanne asubuhi niliomba ruhusa ya saa mbili nikamsindikiza mjomba stesheni. Bunduki ilikuwa imezungushiwa blanketi, na darubini ilifanya uvimbe katikati yake.

"Umeona?" aliuliza kabla ya salamu.

"Bado."

"Ukiona, usiandike mu kile kitabu yako."

"Na wewe, maganda utasema ilipiga nini?"

"Kichuguu. Kichuguu haina jamaa ya kuja kushitaki." Alicheka kidogo, peke yake. Kisha akanishika kiwiko. "Mwipwa, kama ningekuwa na jicho langu ya zamani, hata singekuomba. Usinizungukie kama polisi."

Treni ilipoondoka alikuwa ananitazama dirishani kama mtu anayengoja neno. Niliinua mkono, nikarudi kazini.

Siku iliyofuata mke wangu alikuwa anakamua nguo uani wakati mimi natafuta viatu vya porini.

"Leo tena?"

"Leo tena."

"Ukimukuta mutu, utamuuliza nini? Ni wewe risasi yetu ilikupata?"

"Nitajua tu kama kuna mutu."

"Na ukijua?"

"Nitakwenda kwa sajini."

Aliitikisa shati, matone yakanifikia. "Mujomba wako alisema zote ziliingia. We ulikuwa kando yake. Sajini atakamata nani wa kwanza?"

Nilivaa viatu.

Alhamisi ndipo nilipofika mbali zaidi. Kilomita mbili na nusu kutoka kichuguuni, kwa hatua zangu, hatua ishirini tu kushoto kwa mstari, palikuwa na kambi ya mchoma makaa. Kibanda cha majani, sufuria lililofunikwa, na tanuru lake, lile rundo la magogo linalofunikwa udongo liungue polepole siku nyingi bila hewa. Udongo ulikuwa umebomoka upande mmoja. Hewa ilikuwa imeingia, na magogo yaliyopaswa kuwa makaa yalikuwa yamegeuka majivu meupe. Moshi mwembamba ulikuwa bado unatoka juu. Mchoma makaa halali usingizi mmoja bila kuamka kuziba tanuru lake. Tundu la ngumi likiachwa, kazi ya wiki tatu inakwenda. Hili lilikuwa na tundu la mlango. Shoka lilikuwa limesimama ndani ya gogo lililokatwa nusu. Baiskeli, ambayo kila mchoma makaa anayo, haikuwapo, ila alama ya gurudumu ilikuwa chini ya paa la kibanda ambapo mvua haikufika.

Nilitafuta damu. Sikuona, na baada ya mvua ile kutoona hakukuwa na maana yoyote.

Nilikwenda kwenye moshi mwingine, kama mita mia tatu, nikamkuta mtu na mke wake wanafunga magunia. Dira nilikuwa nimekwisha kuificha ndani ya shati.

"Mwenzenu wa pale yuko wapi?"

"Ule wa Sandoa?" mume alisema. "Tunamuita vile tu. Jina yake hatujue."

"Alikwenda soko," mke alisema. "Jumamosi. Magunia mbili ku baiskeli."

Mume alimgeukia. "Jumamosi? Jumapili asubuhi mi nilisikia shoka yake."

"Ulisikia yako mwenyewe."

"Yangu ilikuwa ku mawe, nainoa."

"Ilinyamaza saa ngapi?" nilimuuliza.

Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza, viatu, mfuko, kalamu mfukoni. "Tata ni wa kampuni?"

"Mi ni mutu tu."

"Basi sikuangalia saa," alisema. "Labda ni yeye mama mwenye anajua. Jumamosi."

Niliwauliza kuhusu mlio wa bunduki. Wote wawili walisema hawakusikia mlio wowote, wala Jumapili wala siku nyingine, ingawa kutoka pale hata filimbi ya treni inasikika.

Sokoni niliuliza siku tatu kwa wauza makaa. Watu wa Sandoa walikuwa wengi, na kila mmoja niliyeonyeshwa alikuwa ni mwingine. Kwenye zahanati hawakuwa wamepokea mtu aliyepigwa risasi tangu vita. Sajini alihamishwa kabla sijaamua la kumwambia. Mjomba alirudi kutoka Kasaji na nyama ya kutosha, yote iliyochinjwa kwa kisu, na aliapa hivyo mbele ya wateja bila kigugumizi.

Nilikwenda tena kambini mara mbili. Mara ya kwanza tanuru lilikuwa limezimika na shoka lilikuwa bado ndani ya gogo, chuma chake kimeanza kuota kutu. Mara ya pili, wiki mbili baadaye, sufuria lilikuwa pale na shoka halikuwapo. Wale wawili walikuwa wamehama. Kwenye gogo lililokatwa nusu hapakuwa na mkato mpya, kwa hiyo sikujua kama mwenye shoka alirudi kulichukua au wale wawili walihama nalo.